Laptopu Moja, Skrini Tano: Kusambaza Picha Ukumbini mwa Kanisa

Makanisa mengi huanza na projekta moja na kebo ya HDMI iliyofichwa chini ya zulia. Waumini wakiongezeka inakuja projekta ya pili, kisha TV ya kuwasaidia wanakwaya, TV ya Shule ya Jumapili, na skrini ya hema la nje. Hapo watu wa mitambo hununua splita na kebo ya mita 30, wanaunganisha Jumapili asubuhi, na picha inawaka na kuzima hadi ibada iishe. Mara nyingi hakuna kifaa kibovu hata kimoja. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepima umbali, wala aliyejiuliza skrini ipi inapaswa kuonyesha nini.

Tuchukue ukumbi wa kawaida: urefu mita 30, upana mita 18, meza ya mitambo ukutani nyuma. Mbele kuna projekta mbili zinazoning'inia darini, moja kila upande wa madhabahu. Ukuta wa nyuma una TV ya inchi 55 inayoelekea madhabahuni. Chumba cha watoto kina TV ya inchi 43, na hema liko mita 60 nje.

Anza na karatasi

Kabla ya kwenda dukani, andika mistari mitano, mmoja kwa kila skrini: inaonyesha nini, na kebo itapita wapi. Usipime umbali kwa macho. Kutoka mezani kebo inapanda ukutani mita 4, inatembea darini mita 22, inakata upande mita 6, inashuka kwenye projekta mita 1, na unahitaji mita 3 za ziada za kuvuta na kurekebisha. Projekta iliyoonekana iko mita 22 imeshakula mita 36.

Kisha hesabu picha, si skrini. Katika ukumbi huu projekta mbili, TV ya watoto na hema zinaonyesha picha ileile: mhubiri, maneno ya nyimbo, maandiko. TV ya nyuma ni tofauti, kwa sababu wanakwaya na mhubiri wanahitaji maneno makubwa, mstari unaofuata, na saa. Skrini tano, picha mbili. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua vifaa.

Splita inapokea picha moja na kuitoa ileile kwenye matundu yote, haichagui. Swicha ni kinyume chake: vyanzo vingi vinaingia, kimoja kinatoka. Matriksi, tuseme ya 4x4, inakuruhusu kupeleka chanzo chochote kwenye skrini yoyote. Ikiwa watoto wanawekewa katuni wakati wa mahubiri huku ukumbi ukimtazama mhubiri, splita haitakusaidia, nunua matriksi. Kama hilo halitatokea, matriksi ni fedha iliyolala.

Mnyororo wenyewe

Kompyuta ya nyimbo na kamera vinaingia kwenye mikisa ya video, kifaa cha kuchagua na kuchanganya picha. Ile ndogo ya Blackmagic iitwayo ATEM Mini ina matundu manne ya HDMI ya kuingizia na moja la kutolea, na inatosha kanisa la ukubwa huu. Tundu hilo moja linaingia kwenye splita ya 1x4, na kila tawi la splita linakwenda kwenye skrini yake.

TV ya nyuma haipiti kwenye mikisa kabisa. Inatoka moja kwa moja kwenye tundu jingine la kompyuta ya nyimbo, kwa kebo ya HDMI ya mita 5, kwa sababu iko juu ya meza yenu. Programu kama ProPresenter, EasyWorship na OpenLP zina sehemu ya skrini ya jukwaani, ipeleke kwenye TV hiyo. Weka mistari miwili tu ya herufi kubwa. TV ya inchi 55 ina kimo cha takriban sentimita 68, na mwanakwaya aliye mita 25 hasomi mistari sita.

Kompyuta basi inahitaji matundu mawili ya picha mbali na kioo chake. Hapa watu hukwama, kwani si kila tundu la USB-C hutoa picha. Soma maelezo ya kompyuta yenyewe kabla ya kununua adapta. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend. Ukichagua Duplicate, waumini wote watasoma ujumbe wako wa WhatsApp.

Umbali ndio unaochagua kebo

HDMI ya shaba, kwa picha ya 1080p, inaaminika hadi mita 10. Mita 15 ni bahati na ubora wa kebo. Mita 30 achana nayo, hata kama muuzaji anakuonyesha kwamba imeandikwa 4K kwenye ganda. Kwa safari ndefu kuna njia tatu.

Ya kwanza ni ekstenda za Cat6: kisanduku cha kutuma mezani, cha kupokea kwenye projekta, na kebo ya mtandao katikati. Zile za HDBaseT (kiwango cha kupeleka HDMI kwa kebo ya mtandao) hufika mita 70 au 100 kutegemea modeli, na ucheleweshaji wake hauonekani. Za bei ya chini zinazoandikwa mita 50 au 60 hufanya kazi, lakini zikifikishwa ukingoni mwa uwezo wake huanza kusumbua; kwa kebo ya mita 36 usinunue ya mita 40. Tafuta inayopeleka umeme kupitia kebo hiyohiyo, kwa sababu darini kwa kawaida kuna soketi moja tu na projekta imeshaichukua. Angalizo: ekstenda isiyotuma picha kwa lugha ya mtandao, kebo yake usiichomeke kamwe kwenye swichi ya intaneti. Plagi zinafanana, lugha si moja, na umeme ule unaweza kuunguza tundu.

Ya pili ni HDMI ya faiba, inayouzwa ikiwa na vichwa vyake tayari, mita 30, 50 au zaidi. Ina upande wa chanzo na upande wa skrini, umeandikwa kwenye kichwa. Ukiivuta darini kinyume, utaivuta tena. Haitengenezeki ikikatika, na kona kali inaiua.

Ya tatu ni SDI: kebo ya koaksia ya ohm 75 yenye vichwa vya BNC vinavyofungwa kwa kuzungushwa, pamoja na konvata kila mwisho, ya kubadili HDMI kuwa SDI na ya kuirudisha. RG6 nzuri inabeba 1080p kwa mita 60 hadi 70 bila wasiwasi. Usitumie kebo ya redio ya ohm 50 kwa sababu tu kichwa kimeingia.

Cat6: hapa ndipo pesa hupotea

Kebo nyingi za bei nafuu madukani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza ncha ya uzi kwa wembe: ukiona weupe ndani, iache. Alumini ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, hivyo mawimbi yanafifia njiani, na umeme unaopita humo kwenda kwenye kipokezi unapungua. Tena inakatika ukiipinda mara chache.

Kubana plagi kuna mtego ambao testa ya taa nane haiuoni. Mpangilio ni huu, ncha zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fundi asiyejua hupanga rangi kwa jozi zilizokaa sambamba: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake. Ncha zote zikifanana, testa inawasha taa zote nane na yeye anashuka ngazi akifurahi. Lakini kifaa kinatarajia pini 3 na 6 ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja, na 4 na 5 jozi nyingine. Kwa mpangilio wake, 3 imesokotwa na 4, na 5 na 6. Msokoto ndio unaofuta kelele. Ukiuvunja, picha inajaa chenga nyeupe au inakatika kila taa za jukwaa zinapowashwa. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja na kidogo.

Kebo iende kipande kimoja, bila viungio katikati. Iweke sentimita 30 kutoka nyaya za umeme, na inapobidi kuzivuka, ivuke kwa pembe mraba.

EDID, au kwa nini picha yote imekuwa ndogo

Kila skrini ina kitambulisho kinachoitwa EDID, ambacho huiambia kompyuta ukubwa wa picha inaoweza kupokea. Splita ya 1x4 imepewa vitambulisho vinne, lakini kompyuta inaweza kuionyesha kitambulisho kimoja tu. Nyingi huchukua cha tundu la kwanza. Nyingine hutafuta kiwango ambacho skrini zote zinakiweza, yaani cha yule mnyonge. Ukiwa na projekta ya zamani ya 1024x768 pale, na kompyuta imeunganishwa moja kwa moja na splita, ukumbi mzima unashuka hadi kiwango hicho, na TV mpya inaonyesha maneno yaliyovimba yenye kuta nyeusi pembeni.

Weka skrini ya 1080p kwenye tundu la kwanza. Bora zaidi, nunua splita yenye vibonyezo vidogo vya kuchagua EDID, uifunge kwenye 1080p. Projekta nyingi za 1024x768 hupokea 1080p na kuipunguza zenyewe. Isiyoweza, iwekee konvata ya kubadili ukubwa mbele yake, peke yake. Mkiwa na mikisa, kiwango huwekwa hapo na splita haiko na la kusema kwa kompyuta, lakini mikisa hutoa kiwango chake bila kubembeleza projekta isiyokiweza.

Chagua kasi moja ya picha. Umeme wetu ni wa Hz 50, hivyo kamera iwe 1080p50 (picha 50 kwa sekunde) na shata 1/50 au 1/100, la sivyo baadhi ya taa zitaonekana zikipepesa. Mikisa ya maana hubadilisha Hz 60 ya kompyuta yenyewe.

King'amuzi na baadhi ya vifaa vya kuonyesha filamu hufunga picha kwa HDCP, kufuli la kuzuia kunakili. Mikisa ikigoma, unaona giza tu. Hilo si la kebo.

Umeme na hema

Hema lina jenereta yake, ukumbi una umeme wa gridi. Ethi za pande mbili hazilingani, na ukiziunganisha kwa kebo ya shaba, tofauti hiyo inapita kwenye kebo ya picha. Matokeo ni mistari inayotambaa kwenye skrini, mngurumo kwenye spika, au tundu la HDMI lililoungua. Radi inaongeza hatari. Kwa hiyo kuelekea nje tumia faiba isiyo na shaba ndani yake, kwa mfano konvata za SDI za faiba; HDMI nyingi za faiba zina nyuzi za shaba pia. Hata ndani ya ukumbi, meza na projekta zikiwa kwenye fezi moja mnapunguza matatizo.

UPS ishike kompyuta, mikisa, splita na ekstenda. Projekta ya taa ya kawaida inataka feni yake iendelee baada ya kuzimwa. Umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, taa inakufa kabla ya wakati. Umeme ukirudi, washa skrini kwanza, kisha splita, mwisho kompyuta.

Hemani kuna jambo jingine: picha imepita kamera, mikisa, konvata na TV, na inaweza kuchelewa milisekunde 60 hadi 120, huku sauti ikiwahi. Midomo ya mhubiri inachelewa nyuma ya maneno. Kwenye mikisa ya sauti ya dijitali, chelewesha tundu linalolisha spika za hema, ukiongeza milisekunde 20 kila mara hadi midomo ikutane na maneno. TV zenye hali ya mchezo ziwekwe humo, huondoa sehemu kubwa ya ucheleweshaji. Ukumbini usicheleweshe sauti.

Kujaribu: Jumamosi, kifaa kimoja kimoja

1. Kompyuta na projekta, kwa kebo ya HDMI ya mita 2.
2. Ongeza ekstenda, kwa kipande cha Cat6 cha mita 1.
3. Badili kipande hicho kwa kebo ndefu ya darini.
4. Ongeza splita, skrini moja baada ya nyingine.
5. Ongeza mikisa mwisho, uache picha inayosogea ikicheza saa nzima, taa zote za jukwaa zikiwaka.

Hatua iliyoharibu picha ndiyo yenye kosa. Wanaounganisha vyote kwa mpigo hubadilisha vifaa vizima na kumwacha mgonjwa ndani.

Bandika lebo ncha zote mbili za kila kebo, P1-KUSHOTO, P2-KULIA, WATOTO, HEMA, na uweke akiba jozi moja ya ekstenda pamoja na HDMI mbili fupi.

Jumapili picha ikigoma, soma dalili kabla ya kugusa. Chenga nyeupe zinazometameta ni kebo iliyozidiwa au plagi iliyobanwa vibaya. Giza la sekunde mbili linalorudi-rudi ni umbali, au HDCP inayopeana mikono upya. Picha yote ikiwa ya zambarau na kijani, chanzo na skrini hazikubaliani kuhusu aina ya rangi. Kwenye kompyuta badilisha kutoka YCbCr kwenda RGB. Skrini moja ikizima na nyingine ziko hai, hamisha kebo yake kwenye tundu jirani la splita: ikifufuka, tundu limekufa, isipofufuka, panda ngazi ukaangalie kipokezi, na mara nyingi utakuta plagi ya umeme imelegea tu.