Kuuza motoka iliyofutwa na asiransi (bima) ikatengenezwa: njia ninayofuata Lubumbashi

Mnunuzi mjuzi akiingia garajini kwangu haulizi bei. Anachuchumaa kando ya mlango wa nyuma, anabisha bodi kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Bati tupu linalia. Bati lililojazwa mastiki linanyamaza. Akishabisha mara tatu ananitazama: “Papa, hii motoka ilifanyaka aksida?” Namjibu ndiyo, na bahasha ya picha iko tayari juu ya kapo, kifuniko cha injini. Mwongozo huu ni wa kukufikisha kwenye bahasha hiyo.

Mimi ni tolie, fundi wa kunyoosha bodi za motoka, upande wa Kampemba. Nanunua epavu, yaani motoka ambazo asiransi imeshazilipia na kuzifuta, nazinyoosha, naziuza. Wengi mjini wanafanya kazi hii kwa kuficha, nami nilianza hivyo. Niliacha kwa sababu ya hesabu tu: mji ni mkubwa lakini matolie tunajuana, na motoka uliyouza Ruashi mwezi wa tatu itapelekwa kwa mwenzako wa Katuba mwezi wa sita. Atakwangua rangi, atacheka, atataja jina lako.

Kwanza ujue motoka inafutwaje

Si lazima iwe imepondeka. Tuchukue RAV4 iliyokuwa na thamani ya dola 9,000 kabla ya ajali. Garaji inaomba 7,500 kuitengeneza. Asiransi inajua epavu hiyo ikiuzwa jinsi ilivyo italeta 2,500. Ikimlipa mwenyewe 9,000 na kurudisha 2,500, imetoa 6,500. Ikiitengeneza, inatoa 7,500. Basi inafutwa. Kule Uingereza au Japani saa moja ya fundi ni ghali na piesi (vipuri) zinatoka kiwandani, kwa hiyo eabegi (mifuko ya hewa) mbili, taa na radieta zinatosha kuifuta motoka yenye umri kidogo. Hapa kwetu kazi ileile inafanywa kwa piesi za kuvuliwa na mkono wa bei nafuu, na chakula changu kinatoka kwenye tofauti hiyo.

Hatua ya 1: Tafuta ilifutiwa wapi, na kwa alama gani

Motoka ya Uingereza ina herufi. A ni ya kusagwa yote. B inaruhusiwa kuvuliwa piesi, lakini bodi yake lazima isagwe. S iliumia muundo, yaani chasi au nguzo, ila inatengenezeka. N haikuumia muundo. Herufi S na N zilianza tarehe 1 Oktoba 2017. Kabla ya hapo utakuta C na D. Mwenye motoka ya S anatakiwa kupeleka kitabu chake, kinachoitwa V5C, kwa asiransi na kuomba kipya, na hicho kipya kinabeba alama ya ajali. Mwenye N anabaki na kitabu chake, kwa hiyo kitabu safi hakithibitishi kwamba motoka haikufutwa. Ukiwa na namba ya plaki ya kule unaweza kutazama bure kwenye intaneti historia ya ukaguzi wao wa MOT: kilomita, na kasoro zilizoandikwa kila mwaka. Na usidanganyike na kibandiko cha kodi kwenye kioo cha mbele. Walikiondoa Oktoba 2014, na hata kingekuwa kipya kisingekulipia chochote Lubumbashi.

Ukikuta B, nunua injini na gia, bodi iache hukohuko.

Motoka ya Japani, na ndizo nyingi hapa, ina karatasi ya mnada. Daraja la R au RA maana yake ilishatengenezwa baada ya ajali. Kwenye mchoro wa bodi, W ni mahali paliponyooshwa na XX ni piesi iliyobadilishwa. Komisionere, yaani dalali, akikwambia karatasi ya mnada ilipotea Dar es Salaam, punguza bei palepale kichwani mwako. Ile ya Marekani hati yake huandikwa “salvage”, na baada ya kutengenezwa na kukaguliwa “rebuilt”.

Si kila motoka iliyovunjika ilivunjikia ng'ambo, lakini. Nyingine zinagongwa njiani, zikiendeshwa kutoka bandarini kupitia Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa, na hizo hazimo katika daftari la mtu yeyote. Kwa hizo una macho yako tu.

Sijawahi kuona karte roze (kadi ya motoka) ya Kongo iliyoandikwa S au R. Alama inabaki kwenye karatasi za zamani. Zitunze, usizichome ili motoka ionekane bikira.

Hatua ya 2: Namba ya chasi

Washa tochi kabla ya kutoa pesa. Motoka iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani ina namba yenye tarakimu na herufi 17, na ndani yake huwezi kukuta I, O wala Q. Ukiona O, mtu ameigonga mwenyewe. Namba ya motoka iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani kwenyewe ni fupi zaidi: jina la modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo, kwa mfano NZE121 na tarakimu zinazofuata. Usimkatae mtu kwa sababu namba yake “haifiki” 17.

Linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kibati, halafu na karatasi zote. Pitisha kucha kuzunguka ile ya chuma. Ukihisi ukingo wa kuchomea, simama.

Mimi sikusimama. Nilinunua Corolla, namba safi, karatasi safi, bei ya kupendeza. Siku ya tatu nikang'oa kapeti kutafuta maji yaliyokuwa yananuka, nikakuta mstari wa kuchomea unakata sakafu kutoka mlango hadi mlango, chini ya viti. Zilikuwa motoka mbili. Nusu ya mbele ndiyo iliyobeba namba nzuri. Nusu ya nyuma sijui ilizaliwa wapi. Niliivua piesi moja moja na nikapoteza dola 1,800. Tangu siku hiyo kapeti inang'olewa kabla ya bei kutajwa, na anayekataa niing'oe namshukuru kwa maji ya kunywa ninaondoka.

Hatua ya 3: Tengeneza, na piga picha kila unapofika

Piga picha ya epavu kabla hujagusa kitu, pande nne, ndani, na kilomita. Kisha kila bodi inapofunguliwa. Kisha kila piesi mpya kabla haijapakwa rangi. Rangi ikishapita huna tena ushahidi, na mnunuzi ataamini ubaya mkubwa kuliko ule uliokuwepo.

Chasi ipimwe kwa msalaba. Chagua matundu mawili ya mbele na mawili ya nyuma yanayofanana kulia na kushoto, pima kutoka kushoto-mbele hadi kulia-nyuma, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vinapaswa kulingana. Vikitofautiana kwa milimita chache, tafuta kama ni mkono wako au ni tepu iliyolegea. Vikitofautiana kwa sentimita, chasi imepinda, na paralelismu ya magurudumu haitaiponya. Utaona mwenyewe barabara ya Likasi: usukani umenyooka, motoka inatembea kama kaa.

Usipashe moto nguzo za katikati kwa gesi ili uzinyooshe. Motoka za miaka hii zina chuma kigumu maalumu kwenye nguzo, na moto wa gesi unakipokonya ugumu wake. Kwa jicho inanyooka vizuri sana. Ikigongwa tena ubavuni inakunjika kama kopo. Nguzo iliyoumia inakatwa na kubadilishwa kwa kipande kamili.

Eabegi ndiyo inayonigombanisha na wenzangu. Ukifungua kontakti (swichi ya ufunguo), taa ya eabegi kwenye dashibodi inapaswa kuwaka, kisha izime yenyewe baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, mtu ameitoa au ameiziba. Na kuna ujanja wa kuunga waya wake na taa nyingine, sema ile ya oili, ziwake na kuzima pamoja ili mteja aone “iko sawa”. Tazama kama zinazima sekunde ileile. Nyuma ya kifuniko cha usukani nimekuta sifongo ya kuoshea vyombo. Kama eabegi haipatikani, iuze motoka bila eabegi na uandike hivyo. Usimwekee mtu sifongo mbele ya kifua. Unapofanya kazi hapo, toa waya wa hasi wa betri na usubiri. Toyota wanataka angalau sekunde 90. Mikanda nayo: mingi inavuta na kujifunga mara moja tu wakati eabegi zinapofumka, kwa hiyo mkanda wa ajali unabadilishwa hata kama kitambaa chake ni kizuri. Upande wa chini una kibandiko cha tarehe. Mkanda wa mwaka tofauti na motoka unasema historia bila kuulizwa.

Rangi na kung'arisha nakuachia.

Hatua ya 4: Karatasi na kodi

Epavu iliyotoka nje inapita kwanza duane (forodha), kwa DGDA. Hakikisha risiti ina namba ileile ya chasi uliyoipapasa kwa kucha. Motoka iliyoingia kwa kibali cha muda, yenye plaki ya Zambia, haiuziki mpaka ilipiwe duane, hata kama imekaa Lubumbashi mpaka kuku wanatagia ndani. Plaki na karte roze ni mambo ya DGI, ofisi ya kodi ya taifa. Kwa epavu ya hapahapa, muulize anayekuuzia: yeye ni nani katika jambo hili? Ama asiransi ilichukua epavu, ama mwenyewe aliachiwa na thamani yake ikakatwa kwenye malipo. Dai barua inayosema ni lipi kati ya hayo mawili. Zamani ungebisha mlango mmoja tu, wa SONAS, asiransi ya serikali. Sheria ya 17 Machi 2015 ilifungua soko, na sasa kampuni ni nyingi, chini ya ARCA, msimamizi wa asiransi, kwa hiyo barua iwe na jina la kampuni husika.

Vinyeti, yaani kodi ya motoka ya kila mwaka, inalipwa kwa jimbo, kwetu ni DRHKAT, ofisi ya mapato ya Haut-Katanga. Mzizi wake ni sheria ya 10 Februari 1969, na motoka ya abiria ya mtu binafsi hupangwa kwa nguvu za farasi za kodi: 1 hadi 10, 11 hadi 15, na zaidi ya 15. Za mizigo hupangwa kwa uzito. Hapo matolie tunateleza: umeweka injini kubwa kwa sababu ndiyo iliyopatikana, na karte roze bado inasema ile ndogo. Rekebisha karte roze kabla ya kuuza, maana kwenye kizuizi mtu atafungua kapo na kusoma. Tena motoka iliyolala uani miaka miwili ikisubiri piesi inaweza kuwa na deni. Dai risiti za miaka ya nyuma kabla hujalipa, kwa sababu barabarani anayeulizwa ni aliyeshika usukani.

Maliza na kontrole tekniki (ukaguzi wa motoka) na asiransi ya kisheria. Mwambie wakala wa asiransi kwamba motoka ilifutwa. Usipomwambia, siku ya ajali ya pili atajua mwenyewe.

Hatua ya 5: Bei

Nashusha kati ya robo na theluthi ya bei ya motoka kama hiyo isiyo na ajali. Taa na radieta tu, robo. Longeroni (boriti ndefu ya chasi) iliyonyooshwa, theluthi. Komisionere atakuambia unajiua. Muache.

Hatua ya 6: Sema, andika, kabidhi

Mnunuzi aone picha kabla ya kuendesha. Akishaipenda motoka, kila utakachosema kitasikika kama ulikuwa unakificha.

Hati ya mauzo inaandikwa Kifaransa. Mimi namsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Taja kila kilichofanyika: iligongwa mbele kushoto, longeroni ya kushoto ilinyooshwa, eabegi mbili na mikanda miwili ilibadilishwa, injini namba fulani. Hii ni kinga yako pia. Dekreti ya 30 Julai 1888, ambayo mikataba yetu bado inaiegemea, inambana muuzaji kwa kasoro iliyofichika. Kasoro iliyoandikwa na kusainiwa haijafichika. Saini kila picha kwa nyuma, wote wawili, na ambatanisha nakala ya kadi yake ya uchaguzi.

Mwisho andika siku ya kukabidhi, na saa. Motoka moja ilitoka kwangu saa nane mchana, ikagonga pikipiki barabara ya Kasenga kabla jua halijazama, na karte roze bado ilikuwa na jina langu. Polisi walipokuja kunichukua nilitoa hati, wakasoma ile saa, na jioni ileile nilikuwa nyumbani nakula bukari.