Ritani ya kwanza Ujerumani, na karatasi ya mama kutoka Lamu

Mdogo wangu alitua Bremen Mei 2025, muuguzi mpya na baridi yake. Mwaka ulipogeuka akanipigia: "Kaka, kumbe huku nako kuna ritani ya kodi?" Mimi niliishi Ujerumani kabla ya kurudi Lamu, basi kazi ikawa yetu sote: yeye na kompyuta kule, mimi na karatasi huku Langoni. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira Septemba 2024, barazani hakukosi anayeuliza habari hizi, ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Elster

Elster ni tovuti ya serikali ya kujazia ritani, haina malipo. Jisajili kwa namba ya kodi ya tarakimu 11, ile iliyokuja kwa posta ulipoandikisha makazi. Nusu ya ufunguo huja kwa barua pepe, nusu ya pili kwa posta, na posta yaweza kuchukua wiki mbili. Hakikisha jina lako liko kwenye sanduku la barua. Mwisho utapakua faili la cheti. Liweke pahali pawili, na neno la siri uliandike, maana ukilipoteza unaanza upya. Zile programu za simu za kulipia mimi sizipendi. Mtu wa mshahara mmoja ana haja gani ya kumlipa mtu?

Hatua ya 2: Mshahara

Fomu ni Anlage N. Tarakimu zimo kwenye Lohnsteuerbescheinigung, hati ya mshahara na kodi ya mwaka uliyopewa na mwajiri. Gharama za kazi za euro 1,230 hukatwa zenyewe bila risiti. Tiketi ya ndege ya kwendea kazini, viza na tafsiri ya vyeti zikipita hapo, ziorodheshe.

Hatua ya 3: Pesa za kabla hujafika

Mdogo wangu alifanya kazi Mombasa Januari hadi Aprili. Ujerumani haitozi kodi mshahara ule, lakini inautumia kupandisha kiwango cha kodi ya mshahara wa kule. Unaandikwa kwenye Anlage WA-ESt, kwa hiyo ondoka Kenya na P9 yako mkobani, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka. Usiufiche. Hata ukiuandika, aliyeanza kazi katikati ya mwaka mara nyingi hurudishiwa kitu, kwa sababu kila mwezi alikatwa kana kwamba angelipwa vile miezi 12.

Hatua ya 4: Pesa unazomtumia mama

Hapa ndipo tulipokesha.

Ukimtunza mzazi, babu, bibi au mke aliye nyumbani, sehemu ya pesa hizo hupunguza mapato yanayotozwa kodi. Ndugu, shangazi na mjomba hawamo, hata kama ndio waliokulea. Kenya iko kundi la robo, yaani nchi zinazopewa robo ya ukomo wa Ujerumani: kwa mwaka 2025 ukomo ni euro 3,024 kwa mtu kwa mwaka mzima. Aliye chini ya miaka 65 lazima ielezwe kwa nini hafanyi kazi. Mama yetu ana 67, hilo halikutuhusu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Juni na Julai pesa zilikuja kwenye simu yangu, nami nikampelekea mama mkononi. Kuanzia 2025 sheria inataka zitumwe kwa benki, kwenye akaunti ya anayetunzwa mwenyewe. Miezi miwili ikaenda na maji. Mama alifunguliwa akaunti Agosti, kwa hiyo hesabu yetu ni miezi mitano: ukomo euro 1,260. Wala usingoje Desemba utume za mwaka mzima kwa mpigo, maana pesa hazihesabiwi kurudi nyuma.

Kisha Unterhaltserklärung, tamko la anayetunzwa. Iko ya Kijerumani na Kiingereza pamoja. Chukua hiyo, moja kwa kila mtu. (Anlage Unterhalt, fomu ya ritani ya pesa hizi, ni moja kwa kila nyumba. Usizichanganye kama mimi.) Mamlaka ya huku inathibitisha udugu, na mama anatia saini kuhusu kipato chake. Nilikwenda kwa chifu peke yangu na fomu mkononi, akanirudisha, na ni haki yake. Mara ya pili nikaenda na mama, kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu. Chifu akavaa miwani, akaviweka viwili ubavu kwa ubavu: kitambulisho kinasema Mwanaisha, cheti kinasema Mwana Esha. Ikabidi kwenda kwa wakili kula kiapo kuwa ni mtu mmoja. Safari ya tatu muhuri ukameza tarehe, tukajaza fomu nyingine. Beba nakala tatu tupu.

Penye kipato mama alitaka niandike "hana". Lakini mahamri anauza kila alfajiri, na mtaa mzima unajua. Tukaandika faida kwa makadirio. Kwa mtu wa Kenya, kinachozidi euro 156 kwa mwaka hupunguza ule ukomo.

Hatua ya 5: Tuma

Bonyeza, hifadhi nakala. Risiti usizitume mpaka watu wa ofisi ya kodi waziombe, ila za mama waziombe wasiziombe ziwe tayari. Anayelazimika kufaili ya 2025 mwisho wake ni 31 Julai 2026. Asiyelazimika ana hadi mwisho wa 2029. Barua yao ya hesabu ya kodi ikija, ilinganishe na ulichotuma mstari kwa mstari. Wakizikataa pesa za mama, una mwezi mmoja wa kupinga kwa maandishi.