Somo: Kuitafuta Kalausi, nyota yenye sayari iitwayo Buru

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulizipa nchi zaidi ya 100 nafasi ya kuipa jina nyota moja moja. Kenya ilipata nyota yenye namba HD 83443 kwenye orodha za wanafalaki, ikaiita Kalausi, na sayari yake ikaiita Buru: kisulisuli na vumbi lake kwa Kidholuo. Iko umbali wa miaka ya nuru 133 hivi, kwa hiyo nuru unayoiona ilitoka huko kabla reli haijafika Kisumu. Kwa macho matupu haionekani. Darubini ya mkononi ya macho mawili, ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za milimita 50), inatosha.

Hatua ya 1. Chagua usiku usio na mwezi mwishoni mwa Februari, karibu saa sita (saa zote hapa ni kwa aliye Kisumu). Aprili nyota inafika juu mapema, mnamo saa tatu usiku, ila mawingu ya masika hayana huruma. Kaa mbali na taa za mji. Walio Dunga, ufukweni mwa ziwa huko Kisumu, wasishuke majanini, viboko hutoka kula saa hizo. Taa za wavuvi wa omena (dagaa) hazisumbui, ziko chini mno.

Hatua ya 2. Tazama kusini. Kushoto, chini, ndiko uliko Msalaba wa Kusini. Mbele yako, juu zaidi, kuna msalaba mwingine, mkubwa na hafifu. Huo ni wa uongo na huwapoteza wengi, lakini leo ndio tunaoutaka.

Hatua ya 3. Nyosha mkono, ukunje ngumi. Kutoka nyota ya juu kushoto ya msalaba huo, panda ngumi moja na kitu. Utakuta nyota yenye wekundu kidogo: Suhail.

Hatua ya 4. Iweke Suhail kwenye ukingo wa kulia wa darubini. Kalausi iko kushoto, upana wa vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa. Hapa nyota zimesongamana, na bila ramani utabahatisha tu. Tafuta HD 83443 kwenye Stellarium, programu ya ramani ya anga, kisha linganisha nyota moja baada ya nyingine.

MASWALI

Buru yenyewe nitaiona?
Hapana. Kundi la Geneva liliitangaza mwaka 2000, baada ya kuipima nyota kwa darubini iliyoko La Silla, Chile. Buru huivuta Kalausi, nayo inatusogelea na kurudi nyuma kwa zaidi ya mita 50 kwa sekunde (hakuna matatu ya Kakamega itakayoifikia). Mwendo huo huhamisha kidogo rangi za nuru yake, na hapo ndipo vipimo hutoka.

Si nilisikia sayari ziko mbili?
Ya pili ilidaiwa, wengine wakapima upya wasiione. Ikafutwa. Buru ndiyo iliyobaki.

Kuna maji huko?
Sahau. Ni jitu la gesi, zito kuliko Zohali, na mwaka wake ni siku tatu tu. Iko karibu na nyota yake takriban mara kumi kuliko Utaridi ilivyo karibu na jua letu. Inachomeka.

Niko Nakuru, nibadilishe nini?
Toa dakika chache kwenye saa, basi. Ukipanda mlima Menengai, usiende peke yako.