Namna ya Kutafuta Asili ya Kivumishi "dyr" cha Kidenishi

Anayetafuta asili ya neno asianze kwa kukusanya maneno yanayofanana nalo kwa sura, kwa kuwa sura hudanganya. Kivumishi dyr, chenye maana ya "ghali", kinalithibitisha jambo hilo vizuri, kwani Kidenishi kina pia nomino dyr, "mnyama", ambayo huandikwa kwa herufi zilezile ingawa haina nasaba nacho.

Fungua kwanza kamusi ya kihistoria. Ordbog over det danske Sprog, iliyochapishwa kwa juzuu 28 kati ya 1918 na 1956 na ambayo sasa husomwa bure mtandaoni, hudokeza asili ya neno ndani ya mabano mwanzoni mwa maelezo. Kivumishi hiki utakikuta katika Kinorse cha Kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, kikiwa dýrr, na nomino ikiwa dýr. Usiitegemee tofauti hiyo: r ya pili ni kiambishi cha jinsia ya kiume tu.

Ushahidi wenyewe uko kwa lugha ndugu. Kiswidi husema dyr kwa "ghali" lakini djur kwa "mnyama". Kijerumani husema teuer na Tier, Kiholanzi duur na dier. Kiingereza kina dear, na mwenzake deer, ambalo zamani lilimaanisha mnyama yeyote kabla ya kubanwa limtaje kulungu peke yake. Kisha hakikisha kwamba tofauti za sauti zinajirudia, maana bila hivyo udugu ni dhana tu: d ya Kidenishi mwanzoni mwa neno hulingana na t ya Kijerumani katika dag na Tag, "siku", na vilevile katika død na Tod, "kifo".

Kigothi, lugha ndugu ya kale iliyokwisha kufa, ndicho kinachokata shauri. Humo mnyama ni dius, jambo linaloonyesha kwamba r ya nomino ilitokana na z, ndiyo maana wataalamu, kwa lugha mama ya lugha hizi zote, huunda upya *deuzą kwa nomino na *deurijaz kwa kivumishi. Nyota huashiria umbo lisilopatikana katika maandishi yoyote.

Maana ichunguzwe mwisho. Dear na teuer hubeba "ghali" na "mpendwa" pamoja, na Kidenishi kina dyrebar, "chenye thamani kubwa". Neno letu ghali limetoka Kiarabu, ambako nalo hubeba maana zote mbili, lakini usilitie katika orodha ya ndugu wa dyr: njia ya maana imefanana, mizizi haikukutana.