Namna ya kumnasua ndege kwenye nyavu zilizohifadhiwa

Wavu wa makila (wavu wa kutega majini, unaonasa samaki kwenye matundu yake) uliotandazwa juu ya miti kwenye mwalo, yaani ufukweni panapotua mitumbwi ya uvuvi, au kurundikwa kando ya banda, haujaacha kuvua. Mabaki ya samaki yaliyokaukia humo huvuta nzi, nzi huvuta mbayuwayu, na mdiria hutua juu ya miti hiyohiyo. Kandokando ya Ziwa Viktoria hunaswa pia yangeyange, minandi na mnana. Mara nyingi kinachomuua ndege si uzi. Ni kuvutwa, hofu na jua kali.

Vya kuwa navyo

Mkasi mdogo wenye ncha butu, wa kukatia bendeji. Wembe huteleza na kuchana ngozi. Kipande cha khanga kuukuu (taulo hunasa kucha). Boksi la katoni lililotobolewa matundu ya hewa, glavu, na miwani ikiwa ndege ana mdomo mrefu.

1. Legeza wavu kabla ya kumgusa ndege

Ndege anayening'inia hujikaza mwenyewe kwa uzito wake. Mwenzako anyanyue wavu pande zote mbili mpaka nyuzi zilegee, nawe umfunike kichwa kwa khanga. Akiwa gizani hutulia, na wewe hufanyi kazi huku akipigapiga mabawa.

2. Mshike bila kumbana kifua

Ndege hana kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) kama chetu. Hupumua kwa kutanua kifua na tumbo. Ukimbana hapo anakosa pumzi mkononi mwako bila hata kulia. Mdogo kama mnana mlaze mgongo kiganjani, shingo ipite kati ya kidole cha shahada na cha kati, bila kukaza.

Yangeyange na kulastara washikwe kichwa kwanza, nyuma ya taya, kwa sababu mdomo wao hulenga macho yako. Mnandi naye huuma, lakini usimfunge mdomo: matundu yake ya nje ya pua yameziba, hupumua kwa mdomo.

3. Kata wavu, ndege atoke na kipande chake

Hapa ndipo wenye nyavu hugoma, na si bure, wavu ni mtaji. Ila macho (matundu) manne matano ya wavu husukwa upya kwa sindano ya nyavu upesi, wakati ndege anayehangaika saa nzima hupasua zaidi. Kata uzi katikati ya fundo na fundo, usikate kwenye fundo lenyewe, ili macho ya jirani yasifumuke. Kisha mpeleke kivulini na kipande chake.

4. Nasua kwa kurudi njia aliyoingilia

Tafuta upande alioingilia, maana atatokea hukohuko. Anza na miguu, fuatisha mabawa, malizia kichwa. Uzi hujificha sana kwenye kiungo cha bawa. Puliza manyoya kwa mdomo yafunguke uuone. Pitisha ncha butu ya mkasi chini ya uzi, ukate, halafu utoe vipande kimoja kimoja. Usivute uzi mrefu kwa mkupuo, hukata nyama kama msumeno. Wala usikate manyoya ya kurukia: unyoya uliokatwa hauoti tena mpaka msimu wa kupukutisha manyoya.

Kama kulikuwa na mishipi ya sangara humo na ndoana imemchoma, usiirudishe nyuma. Sukuma ncha itokeze, kata kijino chake kwa koleo, ndipo uichomoe.

Mwisho kagua vidole, chini ya ulimi na kwapani. Uzi mmoja ukibaki mguuni, mguu ukivimba utajikaza wenyewe.

5. Mpumzishe, kisha amua

Mweke kwenye boksi, gizani, pasipo kelele, nusu saa hadi saa moja. Usimmiminie maji mdomoni. Tundu la hewa liko kwenye shina la ulimi na maji huingia mapafuni.

Akisimama imara na mabawa yakiwa sawasawa, laza boksi ubavu mchana, karibu na aliponaswa, atoke mwenyewe. Usimrushe hewani. Bawa likining'inia, au uzi ukiwa umeacha mfereji ndani ya ngozi, usimwachie: nyama iliyokosa damu huoza siku kadhaa baadaye. Mpigie ofisa wanyamapori, wa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) kwa Tanzania au KWS (Shirika la Wanyamapori) kwa Kenya. Kumfuga bila kibali ni kosa.

Nawa kwa sabuni. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa pamoja bila alama ya uzi, usiwaguse. Toa taarifa, huenda ni mafua ya ndege.

Ili asinaswe mwingine

Suuza wavu mabaki yatoke, uanike ukiwa unauona, kisha ukunje na kuutia guniani siku hiyohiyo. Turubai peke yake halitoshi, upepo hulifunua usiku. Wavu uliochakaa ukatekate kabla ya kuutupa, na usiache vipande vya nyuzi mwaloni: ndege huvibeba kujengea viota, na vifaranga hufungwa miguu humo.