Jeli ya ngozi kutokana na maganda ya zambarau

Msimu wa zambarau ukifika Tanga, chagua zilizoiva mpaka zikawa nyeusi. Rangi yake, anthosianini, imejaa zaidi kwenye ganda. Nyama iache: ina sukari, na sukari huifanya jeli inate na kuota ukungu. Menya upate gramu 100 za maganda.

Changanya mililita 220 za ethanoli ya maabara ya asilimia 96 na mililita 80 za maji yaliyokenekwa, kisha yeyushia gramu 1 ya ndimu ya unga. Usitumie spiriti ya kuwashia. Huwa na methanoli. Maji ya kisima pia hayafai, kwani madini ya chuma hugeuza rangi. Na ukiuziwa "maji ya betri" kama maji yaliyokenekwa, hakikisha kwanza: mengine ni asidi ya salfuri, yanaunguza.

Loweka maganda kwenye mchanganyiko huo, ndani ya chupa ya kioo, gizani, kwa saa 24. Chuja. Weka bakuli lenye maji ya rangi ndani ya maji ya moto yasiyozidi nyuzi 50, dirisha wazi, pasiwe na moto wowote karibu, mpaka ibaki kama mililita 50. Joto likizidi, rangi hugeuka kahawia na hairudi.

Kwa gramu 100 za jeli: yeyusha vihifadhi viwili, gramu 0.5 za sodiamu benzoeti na 0.3 za potasiamu sorbeti, katika gramu 82.7 za maji yaliyokenekwa. Koroga gramu 1.5 za gundi ya zanthani (unga wa kufanya jeli iwe nzito) ndani ya gramu 5 za gliserini kwanza. Ukiimwaga kavu kwenye maji hufanya madonge. Unganisha, subiri saa moja, kisha tia gramu 10 za ile rangi iliyobaki bakulini.

Wengi hukimbilia kaboma, unga mwingine wa kutengenezea jeli, kwa sababu jeli yake inang'aa. Kwa zambarau haifai: inahitaji alkali kama trietanolamini ili iwe nzito, na pH (kipimo cha uasidi) ikipanda rangi huwa ya buluu, halafu huchakaa.

Pima kwa karatasi ya pH. Lenga 4 hadi 4.5, ukipandisha kwa matone ya maji ya magadi ya kuokea. Hapo wekundu utafifia, na ni sawa. Usiurudishe kwa ndimu, ngozi itawasha. Ikizidi 5, vihifadhi hudhoofika na ukungu huingia.

Paka kidogo kwenye kiwiko cha ndani, ngoja saa 48. Isipakwe kwenye kidonda wala ngozi iliyoungua. Hifadhi kwenye friji, ndani ya kopo jeusi. Kabla ya kuiuza kama kipodozi, nenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ukiiita dawa ya asili, ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.