Nyumba ya chungu wa kufuga: iwe ndogo, na iwe na upande mkavu

Nyumba ya chungu haitakiwi kuwa kubwa. Malkia na watoto wake kumi ukiwapa jumba la vyumba ishirini, watakaa chumba kimoja, na vilivyobaki watavigeuza jalala la maiti na mabaki ya chakula. Muda si mrefu ukungu unatanda mahali ambapo mkono wako haufiki. Mpwa wangu amenisumbua tangu masika nimfundishe kujenga, kwa hiyo naandika tulivyofanya hapa Dar, pamoja na majibu ninayowapa wengine wanaoniuliza.

1. Mdudu kwanza, nyumba baadaye

Siafu wasahau. Kundi lao linahamahama, linaweza kufika mamilioni, na malkia wao hana mabawa, kwa hiyo hutamwokota chini ya taa. Maji moto wa kwenye miembe na mikorosho hushona majani mabichi kwa hariri ya mabuu wao. Hao wanataka mti. Anayeanza achukue Camponotus, wale wakubwa ambao wengi wao huzurura ukutani usiku wakitafuta sukari. Hawana mwiba (kung'ata wanang'ata), wanaonekana vizuri kwa macho, na kwa ukubwa wao hawapenyi kila tundu.

Malkia huruka baada ya mvua, mara nyingi utamkuta kwenye taa ya barazani. Hapo ndipo watu wengi huja na kumbikumbi wakidhani wamepata. Kumbikumbi ni mchwa: hana kiuno, na mabawa yake manne yanalingana urefu. Malkia wa chungu ana kiuno chembamba, vipapasio vilivyokunjika katikati, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Akiwa ameshayadondosha na anatembea chini, ndiye wa kuchukua, maana huenda ameshapandwa.

Chukua mmoja, wa uani kwako, yatosha. Mwaka 2025 huko Kenya watu wanne, wakiwemo vijana wawili wa Ubelgiji, walihukumiwa faini ya shilingi milioni moja ya Kenya kila mmoja au miezi 12 jela, baada ya kukutwa na maelfu ya malkia walionuiwa kusafirishwa nje. Kama uko Kenya, ulizia kibali KWS, shirika la wanyamapori la huko, kabla ya kuokota chochote. Na popote ulipo, chungu wa nchi moja usimpeleke nchi nyingine.

2. Testityubu

Maji theluthi moja, pamba ya kuyazuia, malkia, pamba ya kufunga mdomo. Gizani. Hali chochote hadi watoto wa kwanza watoke. Anaishi kwa misuli ya mabawa asiyoyahitaji tena. Mwezi mmoja hadi miwili. Usimchungulie kila siku.

Wakifika wafanyakazi ishirini hivi, anza kujenga. Kabla ya hapo hiyo tyubu ndiyo nyumba yao, na hakuna bora zaidi.

3. Kiota cha jipsam

Viota vya jeli ya buluu vya dukani sivitaki: jeli haina protini ya kulelea mabuu. Mchanga katikati ya vioo viwili nao unapendeza dukani tu. Chungu wakishachimba, huoni kitu. Mimi ni wa jipsam na kioo.

Mwambie fundi vioo akukatie kipande cha sentimita 10 kwa 15, kingo azipige msasa. Finyanga vyumba vinne au vitano kwa udongo wa kuchezea wa watoto, unene wa sentimita moja, uvibandike kwenye kioo na uviunganishe kwa njia nyembamba. Njia moja itokeze pembeni: huo ndio mlango. Mwisho wa pili simamisha kipande cha mrija wa soda, kisigusane na chumba chochote, ndicho kisima. Zungushia fremu ya plastiki.

Dukani omba unga wa jipsam, ule wa kumwagia mikanda ya dari. Ule wa kuzibia maungio una gundi, usiuchukue. Vipimo viwili vya unga kwa kimoja cha maji, na unga ndio unaonyunyizwa kwenye maji. Koroga taratibu, mimina, gongagonga meza mapovu yapande. Ikishika, bandua kioo, toa udongo kwa kijiti cha meno.

4. Kukausha, halafu kunywesha

Vikundi vingi hufia hapa, kwa hiyo soma polepole.

Jipsam hushika ndani ya nusu saa, na mtu huigusa akasema imekauka. Haijakauka. Imekuwa ngumu tu, ndani bado imebeba maji mengi. Ukiirudishia kioo siku hiyo, kesho yake kioo kitakuwa na jasho, na wiki ijayo utaona utando mweupe wenye manyoya kwenye pembe za vyumba. Kukausha kwa kukisia hakuna maana. Tumia mzani wa jikoni: pima kila asubuhi, andika gramu pembeni ya boksi. Uzito ukigoma kushuka siku mbili mfululizo, imekauka. Dar wakati wa masika inachukua muda mrefu kuliko utakavyopenda. Dodoma kiangazi ni haraka. Feni inasaidia. Oveni hapana: joto kali huifukuza jipsam maji iliyoshikia, ikarudi kuwa ya unga-unga na kumomonyoka.

Ikishakauka, rudisha kioo, kibane kwa klipu za karatasi. Watu hupenda silikoni. Ile inayonuka siki ipe siku kadhaa ikauke hadi harufu iishe kabisa, la sivyo unawafungia kwenye mvuke wa asidi. Klipu hazina harufu na unaweza kufungua tena.

Sasa maji. Usilowanishe kiota chote. Mayai na mabuu wadogo wanataka unyevu, vifuko vya pupa (buu linalogeuka kuwa chungu) hupelekwa pakavu zaidi, na wafanyakazi ndio wanaojua nani akae wapi. Kazi yako ni kuwapa pande mbili tofauti, wachague. Chota mililita 2 kwa bomba la sindano, tia kwenye kisima, kisha acha hadi kesho. Jipsam iliyolowa hugeuka rangi kidogo, kwa hiyo utauona mpaka. Ukiishia theluthi ya kiota, simama hapo. Haukufika hata chumba cha kwanza? Ongeza mililita moja. Umefika mlangoni? Usitie tena hadi urudi nyuma.

Mpwa wangu alinipigia simu: "Mjomba, wamehama wote, wamekaa kwenye mpira wa mlangoni na mayai yao!" Nikamwuliza kioo kikoje. Kina matone. Chungu wakihamia mlangoni na watoto mdomoni, kumelowa mno au kuna joto mno; toa klipu mbili upande wa kisima, pakauke usiku mmoja. Wakirundikana wote ukutani kwa kisima, kiu. Wakigawanyika, huku mayai, kule vifuko, usiguse kitu.

5. Uwanja

Hapa ndipo watakapotafutia chakula: bakuli la plastiki lenye mfuniko unaobana. Toboa mfuniko, ziba tundu kwa wavu uliokatwa kwenye chujio la chai la chuma, siyo neti ya mbu. Ukingoni kwa ndani watu wengi hupaka poda ya mtoto iliyochanganywa na spiriti, ili chungu wasipande na kutoka. Pwani inadondoka kwa unyevu, mimi napaka mafuta ya mgando yaliyolegezwa kwa mafuta ya kupikia, mstari mwembamba.

Unganisha na kiota kwa ule mpira mwangavu ambao mafundi ujenzi hupimia levo. Wa dripu ni mwembamba mno, malkia atakwama.

6. Kuhama

Laza tyubu uwanjani, toa pamba, funika kiota, washa taa juu ya tyubu. Watahama usiku wakitaka. Kuwakung'uta ni kuvunja mayai.

Chakula: tone la maji ya sukari, na mdudu mmoja kila baada ya siku mbili tatu. Kumbikumbi wa msimu wagandishe kwenye friji, watakufaa miezi. Mende wa nyumba iliyopuliziwa dawa usiwape kabisa.

7. Wezi

Sisimizi wa jikoni watanusa ile sukari kabla ya wako kuimaliza, na wakipenya uwanjani hawaachi yai. Weka miguu ya meza kwenye makopo ya maji, kama kabati la chakula la bibi, na tia sabuni kidogo ili wasitembee juu ya maji. Meza isiguse ukuta wala pazia. Badilisha maji kila baada ya siku tatu, usije ukafuga na mbu.